Chozi wa Asubuhi, Popo wa Magharibi

Harufu ya ua la msufi ni ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Watu wengi hawaijui, maana ua hilo hufunguka jua likishazama, na saa hiyo kila mwenye akili zake yumo ndani anatawadha au anatafuta kibiriti cha kuwashia taa. Mimi naijua. Juzi nilikuwa nimekaa dirishani na kitabu cha jiografia ambacho sikuwa nakisoma, ikaingia ikanikaa puani. Hapo hapo nikaacha kuwa msichana wa miaka kumi na sita mwenye mtihani wiki ijayo. Nikawa na miaka kumi, vipande vya chandarua mkononi, moyo unanidunda kwa kosa ambalo nilikuwa bado sijalifanya.

Naliandika hapa kwa sababu daftari halicheki. Na wewe unayelisoma, ikiwa yupo wa kulisoma, naomba usicheke mpaka pale nitakapokwambia.

Baba na mama walikuwa Pemba, nami niliachwa mjini kwa Bibi ili nisome. Nyumba ya Bibi iko Mkunazini, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana na vikapu lazima mmoja arudi nyuma. Ubavuni mwake palikuwa na nyumba iliyoanguka zamani, zimebaki kuta tu, na katikati ya kuta hizo umeota msufi mkubwa wenye miba shinani. Hakuna aliyeupanda. Tawi lake moja lilikuja moja kwa moja hadi kwenye dirisha la chumba cha juu nilichokuwa nalala, kama mkono wa mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Na Bibi aliufurahia mti huo, kwa sababu alikuwa fundi wa mito ya kulalia, na sufi ya matunda yake ndiyo aliyoijazia. Majirani walimwita Bi Sharifa wa Sufi. Alikuwa akisema mto wa kweli ukiubonyeza huinuka kama mtu aliyeitwa, na mto wa dukani ukiubonyeza hulala kama mtu anayedaiwa sala. Binti yake wa mwisho, Khalati Zuwena, alikuwa ameposwa, na harusi imewekwa baada ya vuli. Kwetu bibi harusi hutoka na godoro lake na mito yake, na wanawake wa upande wa pili huibonyeza wote, mmoja mmoja, bila haya, kabla hawajanywa hata sharubati. Bibi alikuwa amekwisha kuapa mbele ya mtaa mzima: binti yake hatalalia sufi ya kununua Darajani. Italaliwa sufi ya mti ule au hakilaliwi kitu.

Tatizo ni kwamba mwaka uliotangulia mti haukuzaa. Ulichanua vizuri, ukapukutika, ukabaki na matunda machache juu kabisa, ya kuaibisha.

Mjomba Hilali, mtoto wa kiume wa Bibi, alikuwa na jawabu. Yeye alikuwa karani forodhani, anavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata, na alisema kila kitu kama anayekisoma kwenye karatasi. Mwaka huo uliopita, Ijumaa moja, popo alimchafulia kanzu mlangoni. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila magharibi na debe tupu, anasimama chini ya msufi na kulipiga mpaka popo wote wakimbie, na watoto wa mtaa nyuma yake, wakiongozwa na binti yake Raya, binamu yangu. Mti uliposhindwa kuzaa akasema, "Mnaona? Walikuwa wameshakula maua kabla sijaanza."

Raya nami tulikuwa hirimu moja, lakini ukitusimamisha pamoja ungesema mmoja ni mtu na mwengine kivuli chake. Raya alisoma kasida kwenye maulidi bila kutetemeka. Mimi nikiulizwa jina na mgeni nilijificha nyuma ya mlango, na shikamoo yangu ilikuwa ndogo hata wakubwa hawakujua waitikie marahaba au wapite. Bibi alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," alikuwa akisema, "lakini chako wewe, Asya, mshindo wake umepotelea njia gani?"

Basi ulipokuja kipupwe, majani yakapukutika na tawi la dirishani likatangulia kuchanua kabla ya mti mzima, Mjomba akaja na mpango. Debe popo wameshalizoea, alisema. Mwaka huu, kilele kitakapofungua maua, atatanda wavu wa kuvulia juu ya mti na kuwasha makumbi mabichi ya nazi chini yake, moshi upande kila magharibi kwa wiki mbili. Na tawi la dirishani, kwa kuwa limetangulia, litafungwa kwa mkono. Kazi hiyo nikapewa mimi, si kwa sifa nyengine ila kwamba chumba kilikuwa changu.

"Baada ya laasiri unafunga kila kishada kwa kipande cha chandarua," aliniambia. "Asubuhi unafungua, chozi wapate kuingia. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hasemi," alisema Raya. "Baba, ungenipa mimi."

Kuhusu chozi, wale ndege wanywao asali ya maua, hapakuwa na ubishi nyumbani kwetu. Walikuja jua likitoka tu, wadogo kama kidole gumba, dume lake limevaa kijani na zambarau zenye kumeta kama hariri inayokunjuliwa dukani. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya haraka, inapanda na kushuka, mithili ya mtu anayemaliza tasbihi mbio mbio huku kikapu kiko mlangoni. Bibi aliacha kuchambua mchele ili amsikilize. "Karibu, bwana harusi," alimwambia. Na kwa kuwa alionekana mchana, mzuri, mwenye sauti, anaingia na kutoka kwenye maua, kila mtu alijua ni yeye anayeutia mti baraka.

Popo naye nani angemtetea? Anakuja wakati ambao watoto huitwa ndani. Anachafua kanga zilizoanikwa. Sauti yake ni moja tu, nge, nge, nge, kama fundi anayegonga sufuria ya shaba na hataki kumaliza. Ukimkuta asubuhi ameangusha ua chini, limelala kwenye vumbi, unasema haya ndiyo mabaki ya karamu yake.

Lakini mimi nilikuwa na dirisha, na mtoto asiyesema huwa hana la kufanya ila kutazama.

Siku ya kwanza nilifunga vishada vyote kumi na kimoja. Tawi lilikuwa limegawanyika panda mbili, ya juu ina vishada sita na ya chini vitano. Nilifunga kwa uzi, vizuri, ulimi nje. Jua likazama, maua yakafunguka ndani ya vyandarua vyao, harufu ya maziwa ikaingia chumbani. Akaja popo. Akatua juu ya chandarua, akazunguka huku na huku, akabaki amening'inia hapo ananitazama. Uso wake ulikuwa wa mtoto wa mbwa. Mabegani alikuwa na vishungi viwili vyeupe, na sikio moja limechanika. Nilitarajia kuogopa. Badala yake niliona haya, kama mtu aliyefunga mlango mgeni yuko barazani.

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikakifungua kishada kimoja cha panda ya chini, kimoja tu, nimwone anavyokula. Hakula. Nakuapia. Alilikumbatia ua kwa mbawa zake, akazamisha uso mzima, akatoa ulimi mrefu akalamba, na alipoinua kichwa alikuwa amepakaa unga wa manjano mpaka machoni, kama bibi harusi aliyetiwa liwa. Akenda nao hivyo hivyo kwenye ua la pili. Asubuhi nikalitazama ua lile. Halikupungua hata ncha.

Asubuhi hiyo hiyo nikamtazama bwana harusi wetu. Chozi hakupita mlangoni. Alikaa kwenye kikonyo, akalitoboa ua ubavuni kwa ule mdomo wake wa sindano, akanywa, akaimba, akaondoka. Kifua chake kilikuwa safi vile vile alivyokuja nacho. Sikujua unga ule ni wa nini, lakini niliona kwamba mmoja alichafuka na mwengine hakuchafuka, na sijui kwa nini jambo hilo lilinikosesha raha siku nzima chuoni kwa mwalimu wa Kurani.

Tangu siku hiyo sikuifunga tena panda ya chini. Panda ya juu nilifunga kama nilivyoamrishwa, vishada sita. Vipande vitano vya chandarua nilivirudisha kikapuni kama vilivyo. Kila usiku Bibi aliniuliza kutoka chini ya ngazi, "Asya! Umefunga?" nami nikajibu, "Labeka, nimefunga." Kwa vishada sita ilikuwa kweli. Kwa vitano ilikuwa uongo, na uongo huo nililala nao kitanda kimoja. Nikafikiri, panda hii ikishindwa kuzaa itajulikana ni mimi, na Khalati Zuwena atalalia sufi ya Darajani kwa sababu nilimwonea huruma popo mwenye sikio bovu.

Maua yakaanguka, panda zote mbili. Siku zikapita, sikumbuki ngapi. Kisha vikonyo vya panda ya juu vikageuka manjano na kudondoka, kimoja baada ya kimoja, vile vile nilivyovitunza. Na ile ya chini, panda yangu ya dhambi, ikatoa vijitunda vya kijani, vigumu, kama vidole vya mtoto mchanga. Nikavigusa vyote. Juu nilikuta viwili tu. Chini niliacha kuhesabu.

Ungedhani nilikimbia kumwambia mtu. Sikukimbia. Niliyameza kwa siku tatu. Kusema popo ndiye mwenye kazi ilikuwa lazima kwanza niseme kwamba sikufunga, na kusema lolote mbele ya Mjomba kwangu mimi ilikuwa sawa na kupanda ule mti kwa kukumbatia miba yake.

Ikafika Alhamisi. Kilele cha msufi kilikuwa kimejaa matumba yaliyovimba, jioni ile yangefunguka. Baada ya laasiri Mjomba akaja na kikosi chake: hamali wawili wamebeba wavu, mkwezi mmoja na kamba yake, Raya na watoto wa mtaa, na rundo la makumbi mabichi lililokaribia kimo cha mlango. Bibi alitoa kigoda chake akakaa kando, mkono mmoja ndani ya kanga.

Mkwezi aliuzunguka mti, akagusa mwiba. "Mie nakwea minazi," alisema. "Huu si mti, huu ni nungu kasimama."

"Panda yakhe, utaongezewa," alisema Mjomba. "Raya, kibiriti!"

Raya akaingia jikoni, akatoka. "Hakipo."

"Kibiriti hakipo vipi nyumbani? Mama, kibiriti kiko wapi?"

"Hata mie nakitafuta tangu asubuhi," alisema Bibi.

Mjomba akatuma mtoto kwa jirani. Mimi nilikuwa juu dirishani naona yote. Mkwezi alikuwa anafunga kamba kiunoni. Nikaita, "Mjomba." Sauti ilitoka, nakuhakikishia, lakini ilifika kwenye kizingiti cha dirisha ikakaa. Nikaita tena. Mtoto alikuwa anarudi mbio, ameinua kibiriti juu.

Nyuma ya mlango wa chumba changu ndipo lilipokuwa limewekwa debe la mwaka jana.

Sijui niliamua saa ngapi. Najua nililinyakua, nikaliweka kizingitini, nikalipiga kwa kiatu changu cha mti, na debe tupu katika kichochoro chembamba, ewe unayesoma, si sauti ya kawaida. Kunguru waliruka. Jirani alifungua dirisha akauliza nani kafa. Hamali waliangusha wavu. Nikalipiga mpaka hapakuwa na mtu aliyekuwa akitazama kwengine, na nilipoacha, ule ukimya ulikuwa wangu.

"Msiwashe!" nikasema. "Popo hali maua! Popo ndo anayeuzalisha mti!"

Mjomba akakinga macho kwa mkono. "Nani huyo? Asya? Asya ana sauti?"

Hapo ndipo unaporuhusiwa kucheka. Wao walicheka wote, mpaka mkwezi.

"Kaota," alisema Raya.

"Njooni muone!" nikasema. "Njooni juu muone!"

Bibi alikuwa ameshasimama. "Tumeitwa," alisema. "Twendeni."

Wakaja juu: Bibi, Mjomba, Raya, na Khalati Zuwena ambaye kwa desturi ya mwari hakupaswa kuonekana na alikuja amejifunika gubigubi. Nikaonyesha panda ya juu. Nikaonyesha panda ya chini. Nikasema yote, kwa pumzi moja, pamoja na uongo wa kila usiku. Nilikuwa nalia, lakini maneno hayakusimama kwa ajili ya machozi, yalikuwa yamengoja mno.

Mjomba alivishika vijitunda kimoja kimoja kama anayetafuta muhuri bandia. "Hii ni kazi ya chozi," alisema mwishoni. "Chozi wameizalisha hii."

"Mimi mwenyewe nawaona kila asubuhi," alisema Raya.

"Chozi walikunywa kote!" nikasema. "Asubuhi nilifungua vyote, kama ulivyoniambia, Mjomba. Juu walikunywa na chini walikunywa. Popo alifika chini tu."

Raya alifungua mdomo, akaitazama panda ya juu, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiufunga bila kuambiwa.

"Hilali," alisema Bibi. "Mwaka juzi mti ulizaa?"

"Ulizaa."

"Popo walikuwapo?"

"Walikuwapo."

"Debe lilipigwa?"

Mjomba akakohoa. "Mwaka juzi kanzu yangu ilikuwa bado safi."

"Na mwaka jana?"

Alilitazama debe, ambalo nilikuwa bado nimelikumbatia. Kisha akachungulia dirishani akasema, kwa sauti ile ile ya kusoma karatasi, "Mkwezi! Fungua kamba. Wavu urudi kwa wavuvi wa Malindi." Akageuka, akaongeza, "Makumbi yabaki. Yatapikia biriani ya harusi."

Magharibi ile tulisali tukarudi dirishani, wote watano. Kilele kilifunguka cheupe kizima, harufu ikashuka hata Raya akajiziba pua. Wakaja. Sijawahi kuona popo wengi vile na sijawahi kuwaonea fahari vile, kama ni mimi niliyewapeleka shule. Mwenye sikio bovu alikuja tawini kwetu kwa mazoea, akakuta maua yamekwisha, akatutazama, akaondoka.

Basi mti ule ulizaa, hata matawi yakainama. Kabla ya vuli matunda yalipasuka, na sufi ikatembea kichochoroni, ikaingia madukani, ikamkaa Mjomba kwenye kofia naye akapita nayo hivyo hivyo, hakupangusa. Wanawake walikuja kuichambua uani kwa Bibi, mbegu upande mmoja na sufi upande mwengine, wakipiga chafya na kusutana mpaka jioni. Bibi alishona godoro moja, mito minane, na matakia ambayo hakuwa ameahidi, kwa kiburi tu.

Siku ya harusi wanawake wa upande wa pili walikuja, wakabonyeza. Mto ukainuka. Wakabonyeza mwengine. Ukainuka. Mkubwa wao, mwanamke mnene mwenye pete kila kidole, akauliza, "Sufi hii mmeipata wapi, Bi Sharifa?"

"Muulizeni yule," alisema Bibi, akaninyooshea kidole mbele ya chumba kizima.

Zamani ningekwenda nyuma ya mlango. "Tumeletewa na popo," nikasema, kwa sauti iliyofika ukutani ikarudi. Walitazamana, wakaangua kicheko, na Raya, nampa haki yake, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Mwaka huu mwalimu alituchorea ua ubaoni na kututajia ule unga, chavua, na safari yake kutoka ua hadi ua. Darasa zima liliandika kwa bidii. Mimi nilitabasamu peke yangu, maana niliuona umepakwa usoni kabla sijaujua jina. Nikadhani nimemaliza kuielewa hadithi yangu.

Juzi, baada ya ile harufu kuingia dirishani, jua lilikuwa linakwenda na Bibi akaniita nimtolee mswala wake kwenye kasha. Chini kabisa nilikuta kifurushi cha chandarua. Nikakifungua. Vipande kumi na kimoja. Sita vimegeuka kahawia kwa umande na utomvu wa maua. Vitano bado ni vyeupe, vina madoa machache tu ya siku zile za kwanza.

"Bibi," nikasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nani alikuwa akikiondoa kikapu kila asubuhi?" alisema. "Hivyo vitano, baada ya siku ya tatu, hata umande havikuujua."

"Mbona hukuniambia? Mbona hukumwambia Mjomba?"

"Kusema nini? Mie niliona vyandarua vikavu. Kilichoko mtini ulikiona wewe." Akajiweka vizuri kwenye mkeka. "Nikangoja."

Nilitaka kumwambia kwamba angengoja mpaka moshi ujae mtaa, na binti yake alalie sufi ya Darajani kwa ajili ya kunisubiri mimi. Lakini kifurushi kilikuwa bado kizito kidogo mkononi. Nikakikunjua mkunjo wa mwisho. Kilikuwamo kibiriti cha Alhamisi ile, kimejaa, sanduku lake limefifia rangi.

Nikamtazama Bibi. Alikuwa anatazama dirishani.

"Magharibi hiyo," alisema. "Washa taa."

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikashika.